Nani apewe nafasi ya chuo kikuu? Jibu kwa mwalimu wa kidato cha sita

Swali la msomaji: "Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita katika shule ya serikali iliyo mbali na mji. Mwanafunzi wangu bora wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) amepata pointi 11, ingawa maabara yetu ilikaa muda mrefu bila kemikali na fizikia ilikosa mwalimu kwa karibu mwaka mzima. Ameomba udaktari na hakuchaguliwa. Mtoto wa jamaa yangu, aliyesoma shule ya bweni ya kulipia, amepata pointi 13 na amechaguliwa. Wenzangu wanasema huo ndio usawa, kwa sababu mtihani ulikuwa mmoja. Wewe ungekuwa na mamlaka ya kuamua, vyuo vikuu vingechaguaje wanafunzi?"

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, na afadhali niseme tangu mwanzo ninaposimama. Naamini mwanafunzi wako alistahili kupimwa kwa namna tofauti na alivyopimwa. Siamini, hata hivyo, kwamba dawa ni kuziweka kando alama za mtihani, na sehemu ya jibu langu itakuwa kueleza kwa nini naendelea kuzitetea alama hizo huku nikilalamikia jinsi zinavyotumiwa.

Mjadala wa udahili nchini mwetu Tanzania huharibika mapema kwa sababu nafasi ya chuo kikuu huchukuliwa kuwa tuzo ya aliyefanya vizuri shuleni. Ikiwa ni tuzo, basi wenzako wana haki: mtihani ulikuwa mmoja, aliyepata zaidi achukue. Lakini nafasi ya udaktari katika chuo cha umma hugharimiwa kwa sehemu kubwa na kodi za watu ambao wengi wao hawakufika hata kidato cha nne, na watu hao hawakuchanga fedha ili kumpongeza kijana kwa kuwa na utoto mzuri. Wamechanga ili baada ya miaka mitano ya masomo na mwaka mmoja wa utarajali apatikane mtu anayeweza kumpasua mama mjamzito usiku bila kumuua. Kwa hiyo swali la chuo ni hili: kati ya hawa walioomba, ni nani tukimfundisha sisi, kwa walimu na vifaa tulivyo navyo, atakuwa daktari tunayemhitaji? Alama za kidato cha sita ni shahidi muhimu katika kulijibu swali hilo. Shahidi husikilizwa, lakini pia huulizwa alikuwa amesimama wapi alipoyaona anayoyasema.

Tuanze na shahidi mwenyewe. Katika mtihani wa kidato cha sita alama ya A huanzia 80, B ni 70 hadi 79, C ni 60 hadi 69, D ni 50 hadi 59 na E ni 40 hadi 49. Kisha A hugeuzwa kuwa pointi 5, B kuwa 4, na kuendelea kushuka hadi E yenye pointi 1. Sasa chukua waombaji wawili wa PCB. Wa kwanza amepata 79 katika kila somo, yaani jumla ya 237, na kwa kuwa zote ni B ana pointi 12. Wa pili amepata 80 katika somo moja na 70 katika mengine mawili, yaani jumla ya 220, lakini kwa kuwa ana A moja na B mbili ana pointi 13. Aliyezidiwa kwa alama 17 anatangulia mbele ya aliyemzidi. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyependelewa. Ni kipimo chenyewe kilichopunguzwa hadi kikawa butu, kisha tukakitumia kukata nywele. Pointi zinafaa sana kumtenganisha mwenye 13 na mwenye 6. Kumtenganisha mwenye 13 na mwenye 12 haziwezi, na hata zile alama kamili zenyewe haziwezi kwa uhakika, kwa sababu kijana yuleyule akifanya mtihani mwingine wa kiwango kilekile wiki inayofuata hatapata alama zilezile.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ndilo unaloishi nalo kila siku. Mtihani mmoja haumaanishi safari moja. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004 na shule za kata kuenea, tumewafikisha watoto wengi mahali ambapo zamani hawakufika, na hilo ni jema kubwa. Lakini tumewafikisha kwa viwango visivyolingana vya walimu wa sayansi, maabara na vitabu. Kijana anayepata B ya kemia bila kuwahi kushika bureti hadi majuma machache kabla ya mtihani wa vitendo, na kijana anayepata B ileile akiwa na fundi wa maabara, twisheni ya likizo na maswali ya mitihani ya miaka iliyopita yaliyosahihishwa moja baada ya jingine, wameonyesha mambo mawili tofauti. Wa pili ameonyesha alichofundishwa, na amekishika vizuri. Wa kwanza ameonyesha pia jinsi anavyojifunza anapokosa wa kumfundisha, na uwezo huo utahitajika sana mwaka wa kwanza wa anatomia, ambako hakuna mhadhiri anayemfuata mtu bwenini.

Ukifika hapa utajaribiwa kusema kwamba basi mtihani uachwe, na vyuo vitazame utu wa mwombaji, bidii yake, historia ya maisha yake, barua za walimu wake. Naelewa kishawishi hicho, lakini tumekwisha kupita njia hiyo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilielekeza kwamba wahitimu wa kidato cha sita wasiingie chuo kikuu moja kwa moja, bali wapitie kwanza Jeshi la Kujenga Taifa na kazi, kisha waombe wakiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama tawala, TANU. Nia ilikuwa safi kabisa: Mwalimu Nyerere hakutaka chuo kikuu kiwe kiwanda cha kuzalisha tabaka la watu wanaojiona wamezaliwa kutawala. Lakini idadi ya wanawake waliorudi kuomba ilipungua, kwa sababu kwa binti wa wakati ule miaka miwili nje ya masomo mara nyingi ilimaanisha ndoa na watoto, na fani za sayansi na uhandisi zilikosa waombaji wa kutosha. Haikupita miaka mingi kabla wanawake hawajaruhusiwa tena kuingia moja kwa moja. Nami naongeza jambo ambalo kila aliyewahi kuomba barua ya mkuu wake wa kazi analijua: pendekezo la mtu mwenye mamlaka juu yako hupima pia jinsi unavyoelewana naye.

Marekani, ambako vyuo vikuu mashuhuri husoma insha, shughuli za nje ya darasa na barua za mapendekezo, matokeo hayatii moyo. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba katika vyuo 12 vinavyogombewa zaidi, watoto wa familia zilizo katika asilimia moja ya juu ya kipato walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma humo kuliko watoto wa familia za kipato cha kati wenye alama sawa za SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo nchini humo. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na maamuzi ya udahili wenyewe: upendeleo kwa watoto wa waliowahi kusoma chuoni hapo, nafasi za wanamichezo, na vile vigezo visivyo vya kitaaluma ambavyo familia zenye fedha hujua kuvipamba. Mwaka 2019 iligundulika hata kwamba baadhi ya wazazi matajiri walikuwa wamelipa ili watoto wao wasajiliwe kama wanamichezo wa michezo wasiyoicheza. Mimi nikiifikiria insha ya maisha kama kigezo cha kuingia vyuo vyetu, namwona mwanafunzi wako akiiandika peke yake kwa taa ya sola, na mwenzake akiandikiwa na mshauri aliyelipwa. Mtihani wa taifa, pamoja na dosari zake zote, hauandikiwi na mtu mwingine ilimradi unalindwa.

Nasisitiza kulindwa. Nchini Kenya, ambako kuingia shahada kunahitaji wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, na nafasi hugawiwa na chombo kimoja cha taifa, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata wastani wa A mwaka 2015. Mwaka 2016, baada ya serikali kubana mianya ya uvujaji na udanganyifu, waliopata A walikuwa 141. Fikiria vijana waaminifu wa 2015 waliopata B+ na kuzikosa nafasi za udaktari na uhandisi. Kabla chuo hakijabishana juu ya kigezo gani ni cha haki, baraza la mitihani lazima liwe limefanya kazi yake, na fedha zinazotumika kulinda mtihani ni fedha za usawa.

Basi ikiwa alama zinabaki, na safari hazilingani, kinachobaki ni kuzisoma alama pamoja na mahali zilikopatikana. Wengine wamelijaribu hilo, na majaribio yao yana mafunzo ya moja kwa moja kwetu. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, kuanzia mwaka wa masomo wa 1990/91, iliwaongezea wasichana wote waliofaulu pointi 1.5 wakati wa kuomba. Idadi ya wanawake chuoni ilipanda haraka, kutoka karibu robo ya wanafunzi hadi kuukaribia usawa katika miaka iliyofuata. Kwa lengo la kujaza madarasa wanawake, mpango ulifaulu, na sitamruhusu mtu aubeze. Lakini wengi walionufaika walitoka katika shule nzuri za bweni za wasichana na katika familia zenye uwezo, na waliingia zaidi katika fani za sanaa. Binti wa kijijini aliyesoma fizikia bila mwalimu alipata pointi 1.5 zilezile walizopata binti za mawaziri, na pengo kati yao likabaki palepale. Nyongeza ilifungwa kwenye jinsia wakati kikwazo, kwa wengi wao, kilikuwa jinsia pamoja na shule pamoja na umaskini.

Brazili ilichukua mkondo mwingine. Sheria yake ya mwaka 2012 iliagiza kwamba nusu ya nafasi katika vyuo vikuu vya shirikisho ziende kwa waliosoma sekondari yote katika shule za umma, na ndani ya nusu hiyo zizingatiwe pia kipato cha familia na asili ya mwombaji. Hapo kigezo kiliwekwa karibu zaidi na kikwazo chenyewe, kwa sababu kule watoto wa wenye fedha husoma shule za binafsi. Lakini tusiinakili sheria hiyo kama ilivyo. Kwetu neno "shule ya serikali" linaifunika shule yako na linaifunika pia Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, ambako huchaguliwa watoto wenye ufaulu wa juu kabisa nchini. Vilevile zipo shule za binafsi zenye ada ndogo na maabara tupu. Tukigawa nafasi kwa kufuata mmiliki wa shule, tutakuwa tumewapa wa Ilboru nyongeza isiyo yao.

Kigezo kilicho karibu zaidi na ukweli tunacho tayari, na ndiyo maana nasikitika kuona hakitumiki. Baraza la Mitihani huchapisha matokeo ya kila shule kila mwaka, na namba ya mtihani ya kila mtahiniwa huanza na namba ya kituo chake. Chuo kikuu kinaweza, bila fomu mpya na bila barua ya mtendaji wa kijiji, kujua kwamba mwombaji mwenye pointi 11 ametoka katika kituo ambacho kwa miaka mitatu mfululizo wastani wa PCB ulikuwa pointi 5, na kwamba mwenzake mwenye 13 ametoka katika kituo ambacho wastani ulikuwa 12. Wa kwanza amewaacha wenzake waliokaa madawati yaleyale kwa umbali ambao haupatikani kwa bahati. Hiyo ni habari ya kitaaluma kabisa, si huruma, na chuo kinachoitupa kinatupa ushahidi.

Kwa hiyo, kama mamlaka yangekuwa yangu, ningeanza na kizingiti cha utayari katika masomo yanayobeba fani yenyewe. Tume ya Vyuo Vikuu tayari huweka sifa za chini. Mimi ningetaka vyuo vya tiba vieleze kwa takwimu za wanafunzi wao wenyewe ni kiwango gani cha kemia na baiolojia ambacho chini yake wengi hushindwa. Chini ya kizingiti hicho nisingemchukua mtu yeyote, awe ametoka wapi. Kumwingiza kijana ili adisko, yaani aondolewe masomoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza, arudi nyumbani na deni la Bodi ya Mikopo bila cheti chochote, ni kumdhulumu mara mbili, na aliyefungua mlango hawezi kunawa mikono kwa kusema alikuwa na nia njema.

Juu ya kizingiti, sehemu kubwa ya nafasi ningeigawa kwa alama halisi, si kwa pointi zilizokatwa, na sehemu iliyotangazwa mapema ningeigawa kwa kutazama umbali kati ya mwombaji na kituo chake. Ningedai mwombaji awe amesoma katika kituo hicho miaka yote miwili, kwa sababu vinginevyo wazazi wenye mbinu watawahamisha watoto mwezi wa mwisho. Ningetenga pia nafasi kwa matabibu wenye stashahada ambao wamefanya kazi zahanati na vituo vya afya. Njia hiyo ya kuingia kwa stashahada, iitwayo sifa linganishi, ipo, lakini naitetea kwa nguvu zaidi kuliko inavyotetewa kwa kawaida: mtu aliyezalisha akina mama kwa miaka minne kijijini na bado anataka kurudi darasani ametupa ushahidi ambao hakuna mtihani wa kidato cha sita unaoweza kuutoa.

Wale watakaobaki wakiwa sawa, na watakuwapo wengi, ningewapigia kura ya bahati nasibu hadharani. Najua wasomaji wengi watashtuka. Uholanzi ilichagua wanafunzi wa udaktari kwa kura iliyopimwa kwa alama, yaani mwenye alama za juu alipata uwezekano mkubwa zaidi, tangu miaka ya 1970 hadi 2017, na baada ya kuiacha kwa miaka michache imeruhusu tena vyuo kuitumia. Madaktari wake hawakuharibika kwa sababu hiyo. Kura ina heshima moja ambayo desimali haina: inamwambia aliyekosa kwamba alifaa kabisa na nafasi hazikutosha. Leo tunamwambia amezidiwa, na kwa waombaji wengi walio pembeni ya mstari hilo si kweli.

Kuna sehemu ya pili ya udahili ambayo hutokea baada ya barua kutoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuendesha mafunzo ya awali kwa wasichana wa sayansi waliokosa sifa kwa kiasi kidogo: walifundishwa kwanza, wakapimwa, ndipo waliofaulu wakajiunga na shahada. Naupenda mpango wa namna hiyo kuliko nyongeza ya pointi peke yake, kwa kuwa unamwondolea mtu upungufu badala ya kuufunika. Majuma machache ya maabara na hisabati kabla ya muhula yangewatosha wengi wa aina ya mwanafunzi wako. Pasipo maandalizi na bila kanuni zilizo imara, anayeumia ni mwanafunzi. Mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma walirudishwa nyumbani kufuatia mgogoro wa wahadhiri, na baada ya hapo sifa zao za kidato cha nne zikachambuliwa upya, wengine wakahamishiwa vyuo vya ualimu na wengine wakaachwa nje. Hawakujidahili wenyewe. Waliomba kwa masharti waliyotangaziwa, wakapokelewa, kisha wakaitwa vilaza mbele ya taifa zima.

Kwa sababu hiyo, kanuni yoyote itakayochaguliwa lazima ichapishwe kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa, ikionyesha sehemu ya nafasi zinazogawiwa kwa kila njia, na baada ya udahili chuo kitangaze alama ya mwisho iliyoingia kwa kila njia na namna walioingia mwaka uliotangulia wanavyoendelea. Ikiwa walioingia kwa kutazamwa kituo chao wanafaulu sawa na wengine, sehemu yao ipanuliwe. Ikiwa wanashindwa, ichunguzwe kwanza kama walifundishwa inavyopaswa, halafu ndipo kizingiti kipandishwe.

Kuhusu wenzako, Mwalimu, unaweza kuwajibu kwamba kijana aliyepata 13 hakuiba kitu na anastahili kutiwa moyo aanze masomo yake kwa amani. Lalamiko lako halimhusu yeye. Linahusu chuo kilichokuwa na habari za kutosha kuhusu vijana wote wawili na kikasoma nusu yake.

Na kuhusu mwanafunzi wako, usimwache akae nyumbani akisubiri mfumo ubadilike. Pointi 11 katika PCB ni ufaulu mkubwa. Msaidie kuomba tena katika awamu zinazofuata, na asikwamie chuo kimoja cha Dar es Salaam: ushindani wa udaktari Mwanza, Moshi, Dodoma na Mbeya haulingani, na fani za famasia, uuguzi na maabara za tiba zinahitaji watu wenye kichwa kama chake. Akikosa udaktari kabisa na bado moyo wake uko huko, nisingependa arudie mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea katika maabara ileile iliyomnyima. Ni bora zaidi aingie fani ya afya iliyo karibu, kwa sababu akiimaliza vizuri ataweza kuomba udaktari kwa njia nyingine akiwa tayari na kazi mkononi. Ombi la mkopo lisisubiri barua ya chuo. Liandaliwe sasa, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na nyaraka za wazazi, kwa kuwa nimeona vijana waliochaguliwa mara ya kwanza tu wakashindwa kuripoti kwa kukosa nauli na ada ya muhula mmoja.